Gia Huchaguliwa Juu ya Mlima

Nani kati yetu hajasikia motokaa ikilia kama chuma kinachosagwa, dereva anapobadili gia? Mlio ule ni wa meno yanayozunguka kwa mwendo usio sawa, nayo yanalazimishwa kushikana.

Mwaka 1928 motokaa za Cadillac zilianza kuwa na kifaa cha kusawazisha mwendo huo; malori mengine mazito hata leo hayana. Dereva wake hana budi kusawazisha kwa miguu yake. Akitaka kuteremsha gia, hukanyaga klachi, huitoa gia, kisha huiachia klachi. Hapo hukanyaga mafuta kidogo ili injini iongeze mwendo. Hukanyaga klachi mara ya pili, ndipo huingiza gia ya chini.

Lakini kazi hii ina mahali pake. Tazameni mteremko wa Ngomo, katika njia itokayo Bukavu kwenda Uvira kwa kupitia Kamanyola. Lori lililojaa magunia, na watu juu ya magunia, likishuka kwa gia ya juu, breki hupata moto hata zisishike tena. Dereva akiitoa gia katikati ya mteremko, lori huzidi kukimbia, na gia ya chini hukataa kuingia. Amebaki na breki zile zile. Wako hata wanaoshuka bila gia kusudi wabane mafuta: uchumi wa ajabu kwa mtu aliyechukua abiria! Asimame kwanza kileleni, aingize gia ya pili, au ya kwanza mzigo ukiwa mzito, ndipo aachie breki.