Kichwa Kinaniuma, Lakini Sio Kila Kidonge Ni Changu

Ukitaja Kalenga, watu wanafikiria kichwa. Sio changu, cha Mtwa Mkwawa! Fuvu lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 lipo pale kwenye makumbusho yetu, na watalii wanaokwenda Hifadhi ya Ruaha husimama kuliangalia. Mimi nimezaliwa jirani tu na hapo, ila kichwa kinachonisumbua ni hiki nilichonacho shingoni.

Nina kipandauso tangu nikiwa sekondari. Kama hujawahi kukipata, shukuru Mungu. Upande mmoja unagonga kama kuna mtu anatwanga kisamvu, mwanga wa dirishani unachoma macho, harufu ya vitunguu tu inakutapisha, na siku imekwenda hivyo. Ofisini mjini Iringa wanadhani natega. Nyumbani ni ishu nyingine. Wenzangu mlioolewa mnaijua ile sentensi: "Leo kichwa kinaniuma." Imeshafanywa utani wa vijiwe vyote, kwamba ndivyo mke anavyomkwepa mumewe. Sasa wewe uliye nacho kweli utasema nini? Mume wangu ilimchukua miaka miwili ya ndoa kuamini kwamba nikisema kichwa, namaanisha kichwa.

Na wala siko peke yangu. Kule Haydom, mkoani Manyara, watafiti walipita nyumba kwa nyumba mwaka 2003 na 2004, wakahoji watu zaidi ya 7,000. Kipandauso walikikuta kwa takriban watu 4 katika kila 100, na wanawake tuliongoza. Tena hao ni wakulima na wafugaji, kwa hiyo yule anayesema ni ugonjwa wa kompyuta na viyoyozi ajipange upya.

Kaunta ina masikio

Kinachofanya kichwa changu kiwe na mambo mengi ni kwamba ninaishi na VVU. Natumia ARV, na tangu 2019 nchi yetu ilipoanza kutumia kidonge kinachoitwa TLD, ndicho ninachokunywa kila usiku saa tatu. Nasema hapa bila jina langu, lakini mume wangu anajua, na virusi vyangu vimefubazwa kiasi kwamba havionekani kwenye kipimo. Sisi watu wa Iringa hii habari tunaijua vizuri. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulionyesha mkoa wetu una maambukizi ya asilimia 11.1 kwa watu wazima, wakati taifa zima ni asilimia 4.4. Tunaijua, ila hatuisemi kwa sauti, hasa dukani.

Jumamosi moja nilikuwa nyumbani Kalenga, kichwa kikaanza. Nikaenda duka la dawa. Binti wa pale nilimfundisha Shule ya Jumapili, na mama yake anakaa ukuta kwa ukuta na mama mkwe wangu. "Kamwene dada!" Nikaitika, nikamwambia kichwa kinauma sana. Bila swali akakata diklofenaki kumi. "Hii ndiyo kiboko, Panadol haikufikii." Nyuma yangu wamejipanga watu watatu. Niseme nini? "Mdogo wangu, mimi natumia ARV, hiyo haifai"? Pale? Nikamwambia naomba Panadol tu, nikaondoka huku ananishangaa.

Kwa nini haifai? Ndani ya TLD kuna dawa inaitwa tenofovir, ambayo hutolewa mwilini na figo. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao hupunguza damu inayofika kwenye figo. Ukizichanganya, hasa kwa dozi kubwa au kwa siku nyingi, figo zinaweza kugoma kabisa. Nesi wa kliniki yetu ya tiba na matunzo ndiye aliyenifungua macho, siku aliponipima kreatinini akauliza nakunywa nini kingine. Swali dogo, lakini lina thamani kuliko kidonge.

Halafu kuna mtego wa pili ambao wengi hawaujui. Hizo dawa za maumivu zinachoma tumbo. Tumbo likiwaka unatafuna vile vidonge vyeupe vya magnesiamu. Sasa magnesiamu inakamata dolutegravir, ambayo ni sehemu nyingine ya TLD, na haiingii vizuri kwenye damu. Yaani umetibu kichwa, ukatibu tumbo, na ARV yako umeimwaga chooni! Kama lazima utumie dawa hiyo ya tumbo, TLD imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Na ukipewa dawa ya kipandauso yenye ergotamini, usiimeze kabla daktari hajajua uko kwenye ARV gani. Ikikutana na zile za kundi la pili zenye ritonavir, mishipa ya damu inabana mpaka vidole vinaweza kufa.

Droo moja, wagonjwa wawili

Usidhani haya ni ya wenye VVU tu. Mume wangu ana presha. Anatumia losartan pamoja na kidonge cha kukojoza. Yeye mgongo ukimuuma anafungua droo ya chumbani, ambamo kila dawa iliyowahi kuingia nyumba hii imelala. Ibuprofeni inapandisha presha anayojitahidi kuishusha, na hizo tatu zikikutana ni kesi nyingine ya figo. Anayetumia warfarin asiguse aspirini wala diklofenaki bila daktari, maana anaweza kuvuja damu. Na kina dada mnaotumia vidonge vya majira vyenye homoni mbili: kama kabla ya kichwa kuuma unaona vimulimuli au mistari machoni, mwambie mtoa huduma. Hatari ya kiharusi inapanda, na njia nyingine za uzazi wa mpango zipo kibao.

Panadol nayo si maji. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, na dawa nyingi za mafua zina parasetamoli hiyo hiyo, kwa hiyo hesabu zote. Kwa mnywaji wa ulanzi wa kila siku ini lake halina nafasi hiyo. Apunguziwe dozi na daktari.

Tulibandika kalenda mlangoni, mume wangu akawa anachora duara kila nilipomeza kidonge. Mwezi wa kwanza maduara 17! Hapo ndipo daktari alituambia jambo lililotushangaza: dawa yenyewe inaweza kuleta kichwa. Ukimeza Panadol siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi zaidi ya mitatu, ubongo unazoea na kudai. Kwa vidonge vya mchanganyiko vyenye kafeini, siku 10 zinatosha. Kuacha kulikuwa noma. Siku tisa za kichwa mfululizo, nikinuna, na yeye akipika ugali wenye mabuja bila kulalamika (nitamkumbuka kwa hilo). Daktari alinianzishia amitriptilini dozi ndogo ya usiku, baada ya kuhakikisha haigombani na TLD. Wengine hupewa propranolol, ila mwenye pumu haimfai. Mwezi uliopita maduara yalikuwa 5.

Ile shida ya kaunta tuliimaliza kwa karatasi. Nesi aliniandikia: "Anatumia dawa inayopita kwenye figo. Asipewe diklofenaki, ibuprofeni wala dawa ya tumbo yenye magnesiamu." Hakuna neno VVU, na mwuza dawa anapata anachohitaji kujua. Mume wangu naye ana yake, iko nyuma ya kitambulisho.

Ila kuna kichwa ambacho kalenda na karatasi havikihusu. Kikija ghafla kama radi, au kikaja na homa, shingo kukakamaa, kuona maruweruwe, kuchanganyikiwa au upande mmoja kulegea, nenda hospitali. Kwa sisi wenye VVU hata kichwa kipya kinachozidi siku hadi siku kinaweza kuwa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi. Tumekubaliana na mume wangu: ikitokea hivyo, hata iwe saa nane za usiku, anaita gari tunakwenda Tosamaganga. Hatusubiri daladala ya asubuhi.