Kabla ya Kulipia Siku Tisini

Familia za Nyeri, Karatina na Othaya zikishakubaliana kumpeleka ndugu yao aliyezidiwa na pombe kituo cha kurekebisha tabia, swali la kwanza huwa pesa: ni kituo kipi chenye bei nafuu? Ng'ombe huuzwa, mkopo wa chama huchukuliwa, mchango huitishwa. Siku tisini zikiisha, mtu hurudi nyumbani amenenepa na uso unang'aa. Kuuliza bei ni haki yao, ila swali hilo ni nusu tu. Nusu ya pili ni hii: kituo kitajuaje kuwa mgonjwa anapona, na kitaendelea kumpima hadi lini?

Uso kung'aa si kipimo. Yeyote akifungiwa miezi mitatu mbali na keg na chang'aa atang'aa. Cheti cha kuhitimu nacho si kipimo, kwa sababu kinasema alikaa, hakisemi alipona.

Vipimo vipo, na vingine havigharimu chochote. Shirika la Afya Duniani lina maswali 10 yanayoitwa AUDIT, na muuguzi huyamaliza kwa dakika chache. Alama ni kuanzia 0 hadi 40. Kuanzia 8 unywaji ni wa hatari. 20 na zaidi, huenda ni uraibu, na mtu achunguzwe kikamilifu. Swali la sita linamhusu anayeamka akitafuta cha kutoa loki, yaani pombe ya asubuhi ya kujiamsha baada ya ulevi wa jana. Kituo kisichouliza maswali kama haya siku ya kuingia hakitakuwa na la kulinganisha siku ya kutoka.

Lakini AUDIT huangalia mwaka mzima uliopita, kwa hiyo kufuatilia mwezi kwa mwezi kunahitaji kalenda. Mshauri huifungua mezani na kurudi nyuma na mgonjwa siku moja moja: siku ya soko, siku ya mazishi ya jirani, siku pesa za majani chai zilipoingia. Ulikunywa? Kiasi gani? Ni kazi ya subira, ila jibu la "nimepunguza" hugeuka hesabu. Aliyekuwa akinywa siku 25 kwa mwezi na sasa anakunywa 4 bado hajafika, lakini amepiga hatua, na ni kosa kumfukuza kana kwamba ameshindwa. Kando ya siku hizo ziandikwe pia usingizi, siku za kazi, na kama karo imelipwa.

Sasa gharama. Tuseme, kwa mfano tu, kituo cha kulala kinatoza shilingi 30,000 kwa mwezi. Siku tisini ni 90,000, na mara nyingi hesabu ya kupimwa huishia getini. Mtu wa Mweiga akienda kliniki mjini Nyeri kila wiki, nauli na ada zikiwa 1,000 kwa safari, mwaka mzima atatumia 52,000 na atakuwa ameulizwa hali yake mara 52. Vikundi vya Alcoholics Anonymous havitozi ada, na si vya kudharauliwa. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti 27, yaliona kuwa tiba yenye mpangilio inayowaingiza watu katika vikundi hivyo husaidia kuacha pombe kabisa sawa na tiba nyingine zinazotambulika, au hata kuzishinda.

Ushahidi wa hapa nyumbani upo pia. Huko Eldoret, watafiti waliwafundisha washauri wasio na shahada za saikolojia kuendesha vikao sita vya kikundi kwa wagonjwa wa VVU wanaokunywa pombe. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalionyesha siku za kunywa zikipungua kuliko kwa waliopewa mafunzo ya afya tu, na walifuatiliwa kwa miezi tisa. Hawakulazwa.

Hata hivyo, wapo wanaohitaji kitanda, na hapo usibane pesa. Mtu anayetetemeka sana akikosa pombe, au aliyewahi kuanguka kifafa alipojaribu kuacha, asiachishwe ghafla nyumbani. Siku chache za kwanza zinaweza kumuua. Apelekwe hospitali kwanza, kituo kitafuata.

Ukienda kituoni, omba kuona kibali cha NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Uliza kama wana mkataba na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na bima italipa siku ngapi. Jibu liwe la maandishi. Kisha uliza nani atampigia simu mgonjwa mwezi wa nne, wa sita na wa kumi na mbili. Huku kwetu bonasi ya chai hulipwa karibu na Oktoba. Aliyeingia Juni na kutoka Septemba bado hajajaribiwa na pesa hizo.

Ningekuwa na pesa za jambo moja tu, na mgonjwa hana dalili hizo za hatari, ningelipia mwaka wa kufuatiliwa karibu na nyumbani kuliko miezi mitatu ya ukuta. Kama hujui pa kuanzia, piga 1192, namba ya NACADA. Simu hiyo ni bure.