Kuomba Nafasi katika Chuo Kikuu cha Kanisa

Kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Sita yatokapo, wazazi huuliza swali lile lile: je, mtoto wetu aweza kuomba chuo kikuu cha kanisa, na akipokelewa atalazimishwa kubatizwa? Swali hili si la kuchekwa. Huku Tanga, Pangani na Mkinga wengi wetu ni Waislamu, na vyuo vikuu vingi visivyo vya serikali katika nchi yetu vilianzishwa na makanisa. Mtoto akizuiwa kwa hofu tu, huenda akakaa nyumbani mwaka mzima na vyeti vyake vizuri sandukuni.

Jibu ni kwamba anaweza kuomba, wala hatabatizwa. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kule Mwanza, kilichoanzishwa na maaskofu Wakatoliki mwaka 1998, husomesha Waislamu pia, kama vile Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro kinavyosomesha Wakristo. Kinachopimwa ni masomo. Lakini mgeni hufuata desturi za mwenyeji: kila chuo kina sheria zake za mavazi, pombe na mabweni, na Chuo Kikuu cha Arusha, kwa kuwa ni cha Waadventista Wasabato, huheshimu Jumamosi. Yafaa kuzisoma sheria hizo kabla ya kuomba, si baada ya kufika na sanduku.

Shahada ya theolojia ni jambo jingine. Hiyo huwatayarisha wachungaji, na kwa kawaida mwombaji hupelekwa na kanisa lake akiwa na barua ya viongozi wake. Wachache wajua kwamba chuo cha Makumira karibu na Arusha, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kilianzia katika mkoa wetu huu, Lwandai, wilaya ya Lushoto, mwaka 1947, kikahamia Makumira mwaka 1954. Na mwaka 2007 Walutheri walianzisha chuo kingine huko huko Lushoto, Magamba, kwa jina la Askofu Sebastian Kolowa, kikajulikana hasa kwa kufundisha walimu wa watoto wasioona na wasiosikia.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, hutaka mhitimu wa Kidato cha Sita awe na ufaulu kamili katika masomo mawili yanayotakiwa na kozi, na jumla ya pointi zisizopungua 4. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Basi aliyepata D mbili amefika, na aliyepata C na E amefika. Lakini aliyepata D moja na E mbili hajafika, ingawa akizijumlisha zote tatu anapata 4. Huhesabiwa mbili tu. Alama ya S si ufaulu kamili, wala General Studies haisaidii hapa. Isitoshe, kozi nyingine zina masharti makubwa kuliko hayo.

Aliyepungukiwa asikate tamaa. Aweza kupitia stashahada na kurudi kuomba shahada akiwa na wastani wa 3.0. Ila aangalie: kuingia cheti au stashahada huhesabiwa masomo ya Kidato cha Nne yasiyo ya dini. Maarifa ya Uislamu na Bible Knowledge hayatajaza pengo.

Tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja katika kila chuo, kwa njia ya intaneti. Kwanza apate kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka ule ule, ahakikishe kwamba chuo na kozi vimo. Mwaka huo huo wa 2017 Tume ilizuia vyuo kadhaa kupokea wanafunzi wapya, na vya makanisa vilikuwamo. Jina zuri la mtakatifu mlangoni si kibali.

Jambo dogo linaloangusha wengi ni namba ya simu. Mwombaji aliyechaguliwa na vyuo viwili au zaidi hutumiwa namba ya siri ili athibitishe kimoja. Ukiandika simu ya kijana wa duka la intaneti, namba hiyo itakwenda kwake, na muda utapita. Tumia simu yako, au ya mama, lakini isiwe ya mtu baki.

Mkopo nao huombwa mbali, kwa Bodi ya Mikopo, si kwa chuo. Wanafunzi wa vyuo vya makanisa vilivyoidhinishwa wanaruhusiwa sawa na wengine. Hata hivyo si kila mtu hupewa ada yote, na ada isiyolipwa na Bodi itakuwa juu ya mzazi. Afadhali jambo hili lizungumzwe nyumbani mapema. Bodi hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Na huku kwetu, ambako huyu huandikwa Saidi shuleni na Said kwenye cheti, jina hilo lirekebishwe mtoto akiwa bado Kidato cha Tano, kwa sababu safari za kwenda ofisini kwa ajili ya herufi moja zaweza kuchukua miezi.