Kabla hajaokoka, kamera zilikuwa zishamnasa

MSANII akitangaza kwamba ameokoka, mashabiki huuliza swali moja tu: na zile video zake za zamani je? Wapo wanaozifuta YouTube usiku huo huo.

Barry McGuire hakuwa na pa kufutia. Mmarekani huyu, mmoja wa waliofungua njia ya muziki wa Kikristo wenye gitaa la foku na roki, aliokoka mwaka wa 1971. Mwaka huo huo, filamu aliyoigiza ikaingia kwenye majumba ya sinema. Na haikuwa ya kuonyeshwa Sunday school.

Inaitwa Werewolves on Wheels. McGuire ni Scarf, mmoja wa genge la pikipiki linalojiita Devil's Advocates. Majamaa wanakatiza jangwa, wanakutana na watawa wanaoabudu shetani, wanarogwa, kisha usiku wanaanza kugeuka mbwamwitu. Bajeti ilikuwa ndogo na inaonekana. Leo utacheka kuliko utakavyoogopa. Lakini hebu fikiria wewe ndiye muumini mpya, na sura yako iko pale kwenye skrini kubwa kati ya mashetani.

Runinga ilikuwa imemzoea kitambo. Mapema miaka ya sitini aliimba na New Christy Minstrels, kundi nadhifu la foku lililokuwa likitokea kwenye shoo ya Andy Williams. Sauti nzito inayoongoza Green, Green ya 1963 ni yake. Kisha 1965 akaachia Eve of Destruction, kibao cha P.F. Sloan kuhusu vita na bomu la nyuklia. Baadhi ya stesheni za redio zilikataa kukicheza. Kikapanda hadi nambari moja Marekani hata hivyo, naye akakiimba kwenye runinga kwa ile sauti ya kukwaruza, kama mtu aliyekesha akigombana.

Kazi yake bora ya sinema, kwa maoni yangu, ni The President's Analyst ya 1967. James Coburn ni daktari wa akili anayemtibu rais wa Marekani. Anajua siri nyingi mno, anatoroka, na majasusi wa kila nchi wanamwinda. Anajificha na bendi ya mahipi, na kiongozi wa bendi hiyo ni McGuire. Hapo hata haigizi sana. Ni yeye tu: nywele, gitaa, mtu anayetafuta kitu na hajakipata. Baadaye akapanda jukwaa la Broadway katika Hair, igizo lililosifika kwa waigizaji kuvua nguo.

Halafu Agano Jipya likamfikia. Albamu yake ya Kikristo, Seeds, ilitoka 1973, na kufikia 1978 alikuwa akiwaimbia watoto kwenye Bullfrogs and Butterflies. Kutoka mbwamwitu hadi vyura na vipepeo!

Kinachonibamba ni kwamba hakuyakana ya kale. Uzeeni alizunguka na John York, aliyewahi kuwa wa The Byrds, kwa shoo ya Trippin' the Sixties, akizirudia nyimbo za enzi zile na kusimulia alikopitia.

Ukiwa na bando za filamu moja pekee, anza na ya Coburn. Ile ya pikipiki usiiweke mathako akiwa sebuleni.