Kabati la Uso wa Mviringo

Wengi hudhani ya kuwa kabati la uso wa mviringo hufanywa kwa kupinda ubao mmoja mpana. Sivyo, ubao mkavu ukipindwa kwa nguvu hupasuka. Sisi wa Kilema na tufuate njia ya waunda mapipa. Twatwaa mbao za mgrivea wa vihambani, zilizokaushwa kivulini, maana mti mbichi hujikunja na kulegeza viungo. Twazipasua ziwe vipande vyembamba, na kingo zake twaziranda mshazari kidogo. Ndipo vikiungwa kwa gundi hufanya duara. Kisha ncha zake twazichonga ziwe ndimi, ziingie sawasawa katika matundu ya ubao wa juu na wa chini. Misumari haifai: wakati wa masika hushika kutu. Mwisho twaranda pembe zilizosalia. Pimeni kwanza; ubao uliokatwa haurefuki tena.