Ndulele: Dawa, Sumu na Dhamiri ya Mwamini

Asafiriye kutoka Nzega kwenda Tabora, afikapo Puge katikati ya safari, huiona ndulele kando ya barabara, kwenye mazizi ya zamani na mashamba yaliyoachwa. Ni kichaka chenye miiba, maua ya zambarau na matunda ya mviringo ambayo yakiiva hugeuka manjano. Watu wa pwani hukiita mtunguja. Jina lake la kitaalamu ni Solanum incanum, nacho ni ndugu wa nyanya, bilinganya na ngogwe.

Waamini hutuuliza: je, kunywa dawa ya ndulele ni dhambi? Mmea wenyewe ni kiumbe cha Mungu. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chatufundisha kwamba dawa zatoka ardhini kwa mapenzi ya Muumba, na kwamba tabibu astahili heshima. Wazee wetu walichemsha mizizi yake kwa maumivu ya tumbo, na kuitafuna jino lilipowauma. Hapo hapana uchawi.

Dhambi huanza pale mzizi unapoambatana na ramli, hirizi, au kumtaja jirani kuwa ndiye aliyeleta ugonjwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2117, yaonya kwamba jina la tiba ya jadi halihalalishi kuziita nguvu za uovu wala kuwanyonya wepesi wa kuamini.

Lipo jambo la pili, lisilohusu ramli. Ndulele ina sumu ya jamii ya solanini, hasa katika tunda bichi. Ndiyo maana wakulima hukamua maji yake kuua wadudu wa mboga. Aliyezidisha hutapika na kuharisha, na kikombe cha nyumbani hakina kipimo. Anachostahimili mtu mzima chaweza kumwangamiza mtoto.

Kwa hiyo, mtoto mwenye homa asisubiri mizizi ichemke. Apelekwe zahanati, au hospitali ya Kanisa iliyoko Ndala. Mama mjamzito asiinywe kabisa. Na aliyekwisha kunywa amweleze mganga au muuguzi bila aibu, kwa maana kuficha kwaweza kugharimu uhai. Nasi mapadre tujihadhari tusiwatishe waamini kwa neno “dhambi” hata wakanyamaza mbele ya daktari. Amri ya 5 yatuagiza sote kuulinda uhai.