Dau la mnyonge linavyokwenda joshi mtandaoni

Msomaji wa Mwanza anayeshona na kuuza mapazia ametuletea swali zuri sana. Anatangaza biashara yake kwenye ukurasa wa utafutaji wa Google, na hulipa pale tu mtu anapobofya tangazo lake. Ameiambia kampuni kwamba yuko tayari kutoa hadi shilingi 500 kwa mbofyo mmoja. Akiangalia hesabu, anakuta kila mbofyo umekatwa 360. Tena tangazo lake limekaa juu ya lile la duka kubwa la mjini ambalo, kwa habari alizo nazo, linatoa dau karibu mara mbili ya lake. Anauliza: mashine imekosea, au kuna deni litakalokuja baadaye?

Haijakosea, na deni halipo. Kilichomtokea ni kazi ya kanuni moja ya mnada ambayo kwangu ni miongoni mwa vitu vizuri kabisa vilivyowahi kubuniwa katika sayansi ya uchumi.

Historia ya mwanzo ya matangazo ya mtandaoni nitaipita mbio. Tangazo la mstatili la kampuni ya simu ya AT&T kwenye tovuti ya HotWired, tarehe 27 Oktoba 1994; kuki alizobuni Lou Montulli wa Netscape mwaka huohuo ili tovuti imkumbuke mgeni wake; hayo yameandikwa sana. Itoshe kusema kwamba mwaka 2024 Google iliingiza zaidi ya dola bilioni 260 kutokana na matangazo, na Meta, yenye Facebook na Instagram, zaidi ya bilioni 160. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilipita mnadani. Huo mnada ndio nataka tuuone.

Nenda Feri, Dar es Salaam, asubuhi samaki wanaposhushwa. Dalali amesimama mbele ya tenga la changu, wachuuzi wamemzunguka. Bei inaanza 20,000, inapanda 25,000, inafika 30,000. Mchuuzi mmoja anajua moyoni kwamba tenga lile, akiwakaanga samaki na kuwauza mmojammoja, anaweza kulitolea hadi 40,000 na bado akapata chake. Siri hiyo hakuna anayemuuliza. Mshindani wake wa mwisho anakomea 31,000. Yeye anataja 31,500, na samaki ni wake. Aliyepanga bei hapo ni aliyeshindwa. Kikomo cha mshindi, zile 40,000, hakikuguswa wala hakikujulikana.

Sasa tuwaondoe wachuuzi pale sokoni. Kila mmoja aandike dau lake, alifunge kwenye bahasha, ampe dalali. Tukisema mshindi alipe alichoandika, mambo yanaharibika. Yule wa 40,000 hawezi kuandika 40,000, maana faida yote itaishia hapo. Itabidi akisie wenzake wameandika nini, aweke 33,000 au 30,000, na akikosea kidogo tenga linachukuliwa na mtu ambaye hata hakulihitaji kama yeye. Anayeshinda ni hodari wa kukisia.

Mwaka 1961 William Vickrey, mchumi wa Columbia University jijini New York, alionyesha njia. Mwenye dau kubwa apewe mali, lakini alipe dau la aliyemfuata. Basi. Kwa badiliko hilo moja bahasha zinafanya kazi ileile ya kelele za Feri.

Jaribu kuidanganya kanuni hii uone. Tenga lina thamani ya 40,000 kwako. Ukiandika 50,000 ili ushinde kwa vyovyote, na mwenzako ameandika 45,000, utashinda na utalipa 45,000 kwa kitu cha 40,000, umekula hasara. Ukiandika 30,000 ili ubane matumizi, na mwenzako ameandika 31,000, umepoteza tenga ambalo ungelichukua kwa 31,000 na kubaki na faida ya 9,000. Kushusha dau hakukupunguzii bei hata senti moja, kwa sababu bei haitoki kwenye karatasi yako. Karatasi yako inaamua kitu kimoja tu: umo au humo. Kwa hiyo ukweli mtupu, 40,000, ndio ujanja mkubwa kuliko ujanja wote. Huhitaji kuwapeleleza jirani zako. Huhitaji hata kujua wako wangapi. Kila nikiirudia hoja hii nafurahi upya, kwa sababu haimwombi mtu awe mwema. Inampangia mambo hadi kusema kweli kuwe ndiko kunakomlipa.

Vickrey alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1996, akafariki siku tatu baada ya kutangazwa. Mnada wa maneno ya utafutaji ulikuwa bado haujazaliwa. Ulizaliwa mwaka 1998 huko California, kampuni ya GoTo.com ya Bill Gross ilipoanza kuuza nafasi za juu kwa dau la kila mbofyo, kila mtu akilipa alichotaja. Baadaye kampuni hiyo ikaitwa Overture. Wachumi Benjamin Edelman na Michael Ostrovsky walizichambua data zake za mwaka 2002 na 2003, wakakuta madau yanapanda na kuporomoka kama meno ya msumeno. Sababu iko wazi. Ukiona aliye chini yako ametaja senti 50, kwa nini wewe ulipe 90? Unashuka hadi 51. Naye anapanda 52, wewe 53, hadi mmoja anachoka na kuanguka chini kabisa, na aliyebaki juu anamfuata kule chini, na mbio zinaanza upya. Watangazaji walitumia programu za kupandisha na kushusha dau mchana na usiku.

Februari 2002 Google ilileta mnada ambao kila mtu analipa kiasi tu cha kumshinda aliye chini yake. Juu ya hapo waliongeza jambo la pili, na hili ndilo lililomwokoa mshonaji wetu. Waliacha kupanga matangazo kwa dau peke yake. Dau linazidishwa na uwezekano wa tangazo kubofywa.

Tufanye hesabu. Tuseme tangazo la msomaji wetu, lenye dau la 500, hubofywa na watu 5 katika kila 100 wanaoliona. Duka kubwa limeweka 900, lakini tangazo lake ni la samani zote kwa jumla, hubofywa na watu 2 tu. Wa tatu ameweka 300, na watu 4 humbofya. Zidisha: mshonaji ana alama 2,500, duka kubwa 1,800, wa tatu 1,200. Mshonaji anakaa juu. Alipe kiasi gani? Kiasi cha kufikia zile alama 1,800 za anayemfuata: gawanya kwa 5, unapata 360. Ndiyo shilingi zake hizo. Duka kubwa nalo linalipa kiasi cha kufikia 1,200: gawanya kwa 2, unapata 600. Yaani lililo chini linalipa zaidi kwa mbofyo kuliko lililo juu! Na kampuni haipotezi: kwa kila watazamaji 100, wawili hao wanailetea 3,000, wakati kwa kupanga kwa madau matupu wangeiletea 2,500. Wachumi wataongeza kwamba nafasi zikiwa nyingi kanuni hii hailingani kikamilifu na ya Vickrey, na kwamba Google huzingatia mambo mengine pia, kama ubora wa ukurasa ambako mbofyo unampeleka mteja. Sawa. Lakini mwenye duka akitaka kupunguza gharama ajue kwamba tangazo lililoandikwa vizuri zaidi, likibofywa na watu 6 badala ya 5, litamshushia bei hadi 300 bila kuligusa dau.

Vitabuni mnada huu huitwa mnada wa bei ya pili. Jina hilo silipendi. Linasikika kama bei ya mali iliyotumika. Napendekeza mnada wa dau la nyuma, kwa kuwa unacholipa ni dau lililo nyuma yako. Tena neno dau linatupa zawadi. Watu wa pwani wanajua dau ni chombo cha baharini pia, na kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. Katika mnada huu la mnyonge linaweza kwenda, mradi anachokitangaza ndicho mtafutaji anachokitaka.

Kwenye kurasa za magazeti na programu za simu mnada ni mwingine. Ukifungua habari, nafasi ya tangazo iliyo pembeni inanadiwa kabla ukurasa haujamaliza kufunguka, kwa takriban sehemu ya kumi ya sekunde, na wanunuzi wengi wanashindana huku kuki zikiwaambia kwamba jana ulitazama bei za mabati. Hapa ndipo swali la dalali linapokuwa zito, kwa sababu aliyeshika bahasha zote anaijua siri ya kila mtu. Mwaka 1797 mshairi Goethe wa Ujerumani alimuuzia mchapishaji Vieweg shairi lake refu kwa njia inayokaribiana sana na ya Vickrey: bei yake ya siri ilikuwa kwenye bahasha iliyofungwa, na Vieweg akitaja kiasi kikubwa zaidi angelipa kile cha kwenye bahasha tu. Bahashani mlikuwa na thaler 1,000. Vieweg alitaja 1,000 kamili. Wataalamu wanaamini kwamba mtu wa kati, Böttiger, aliivujisha siri.

Swali hilo la dalali limefika hata mahakamani. Aprili 2025 Jaji Leonie Brinkema wa mahakama ya shirikisho huko Virginia, Marekani, aliamua kwamba Google ilijenga ukiritimba kinyume cha sheria katika programu ambazo wachapishaji hutumia kuuza nafasi zao, na katika soko lenyewe ambamo nafasi hizo hunadiwa. Dai la tatu, la upande wa watangazaji, hakulikubali. Soko hilo la kurasa lilikuwa limeshaacha dau la nyuma mwaka 2019. Siku hizi mshindi analipa alichotaja. Faida yake ni kwamba mnunuzi hana tena haja ya kujiuliza kama dau la pili aliloambiwa lilikuwepo kweli. Gharama yake ni kwamba kazi ya kukisia imerudi, na kampuni za watangazaji sasa zinatengeneza programu ambazo kazi yake ni kupunguza dau kidogo, kwa kiasi kinachobadilika kila mnada, kabla halijatumwa.